Breki za Mjini

Kwa miaka kumi na tisa nilisambaza barua kwa baiskeli katikati ya mji, vidole juu ya breki, maana mlango wa gari lolote ungeweza kufunguka ghafla. Kisha nikahamishiwa viungani. Huko magari ni machache, ila barabara ni ndefu na zina milima. Miezi miwili nilirudi nyumbani miguu imekufa ganzi, nikaamini uzee umebisha hodi. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Siku ya kuipeleka nilipita kwa shemeji yangu, fundi baiskeli, anijazie upepo. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha. Likasimama papo hapo.

"Shemeji, nani kakaza breki hizi?"

"Mimi. Mjini lazima zishike upesi."

"Basi milima yote umeipanda breki zimeshika. Hata punda angegoma."

Akazilegeza. Gurudumu likazunguka, likazunguka. Nililitazama bila kucheka, kwa sababu uchovu wa miezi miwili hauondoki kwa spana. Nikampa ile barua ajifutie grisi, kisha nikakaa kwenye benchi lake kupumzika kabla ya mlima.