Chumvi ya Dunlarig

…na mkono wangu tayari uko kwenye kibakuli cha chumvi, na mkono wa mdogo wangu Ninian uko juu ya wangu, una joto, mama amesema tu, bila kuinua macho kwenye mchuzi wake wa kondoo, "Dunlarig, nisogezee chumvi," na sote wawili tumenyoosha mikono, kwa sababu huku kwetu Uskoti bwana wa ardhi huitwa kwa jina la ardhi yake, na Dunlarig ni mmoja tu, ni mimi, tangu siku tulipomzika baba, nilikuwa na miaka kumi na tisa, mama akaniita kando ya kaburi, Dunlarig, vaa kofia, unalowa, nami nikageuka kumtafuta baba… "Ulimi umeteleza tu, Ludovic," mama anasema sasa, "uzee huu," na Ninian anacheka kidogo, ananiambia kaka, usimhesabie mama makosa, miaka kumi na mmoja hukuwepo, sawa, ulimi huzoea, lakini mkono wa Ninian je, mkono ulikwenda wenyewe, haukungoja kuuliza, na mkono haufundishwi kwa siku moja, umeitwa hivyo mara ngapi mezani hapa… na mke wake Grizel, maskini, mwema, anataka kubadili mazungumzo, anasimulia jinsi jirani yetu Balcorrie alivyocheza kwenye arusi yao akavunja benchi, mzito kama fahali, nami nasema Balcorrie yupi, Balcorrie niliyeasi naye dhidi ya mfalme, tuliyehukumiwa naye kwa karatasi moja, "Huyo huyo, shemeji, si mlisamehewa wote," kisha anamtazama mama… arusi yao ina miaka sita. Miaka sita. Na barua za mama zilinifikia kambini Uswidi kila masika, hadi mwaka jana, mwandiko wake mzuri ulioegemea upande, usije bado mwanangu, wanajeshi wa mfalme wangali darajani, nami nilizikunja nikaziweka kifuani, nikala mshahara wa askari wa kukodiwa, wa mfalme wa watu wengine, mimi ambaye nyumbani sikuwahi kufunga tandiko la farasi wangu mwenyewe, nikaacha vidole viwili kwenye theluji, hivi hapa havipo, mkono wa Ninian umefunika pengo lao… na juzi alfajiri, pale darajani, sikuthubutu kupita juu, nilivuka mto chini yake, maji kifuani, buti shingoni, na upande wa pili alikuwepo mwanamke anafua sufu, akaniuliza kwa upole, baba, daraja lina nini… nami nikacheka, nikadhani wanajeshi wameondoka wiki ile tu, bahati yangu… mama, ungeniandikia kwamba Ninian anaijua ardhi kuliko mimi, ningekasirika, ningekuja, ningekula nawe mchuzi huu ungali moto… Ninian haondoi mkono, nami siondoi, mchuzi unapoa, mama ameweka kijiko chini, macho yake yamejaa maji, ananitazama mimi, mimi hasa, si Ninian, na anasema polepole, kwa sauti ile ile ya kaburini, "Dunlarig," nami, kabla sijajizuia, nageuka kumtazama mdogo wangu.