Picha ya Mgeni

Binti yake Ketrina, Tusekile, anayeuza vitenge Tunduma, ndiye aliyempelekea simu yenye kamera nzuri na kumwingiza kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaojifunza kupiga picha. Unaweka picha yako, wenzako wanakwambia ukweli. Ketrina alipiga migomba, akapiga ukungu wa kijijini kwao Isansa, akaambiwa picha zake zimepinda. Hakuchukia. Aliendelea kupiga.

Siku moja akampiga picha paka. Paka huyo wa rangi ya majivu alijileta wakati wa mavuno ya kahawa, akakaa, wakamwita Mgeni. Osea, mume wa Ketrina, alikataza asipewe chakula. "Paka akishiba," alisema, "panya wanatembea na viatu."

Basi mchana ule, kupitia dirisha la jikoni, Ketrina alimwona Mgeni amekaa ukingoni mwa kichanja cha kuanikia kahawa, kidevu juu, macho ameyafumba kama mtu anayesali. Akapiga haraka kabla hajasogea.

Jukwaa likaikataa picha. Ilikuwa nzito mno. Akaipunguza ukubwa, akaipunguza tena, mpaka ikapanda. Jibu la kwanza likaja: "Mama, hiki ni kiazi?" Mwingine akasema yeye anaona soksi. Ketrina alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Fides, msimamizi wa jukwaa, akamwandikia: "Mama Tusekile, umeipunguza kupita kiasi. Rudi kwenye picha ya mwanzo. Kata pembeni kwanza, paka ajae, ndipo upunguze kidogo."

Ketrina akavaa miwani, akakaa kwenye benchi nje ya mlango, akaifungua picha ya mwanzo na kuikuza. Alipokuwa anavuta mstari wa kukatia kutoka kushoto, akaona vidole. Vidole viwili vimeshika dagaa. Nyuma yavyo mkono wa sweta la kijani, lile alilolishona mwenyewe kwa uzi wa bluu lilipofumuka. Mwenye mkono alikuwa amejificha nyuma ya nguzo.

Alitaka kumwita Osea palepale amuumbue. Lakini akaendelea kuutazama ule mkono. Aliujua kwa jembe na kwa shoka. Hapa ulikuwa umenyooshwa taratibu, kidole kidogo kimeinuliwa, kama unaogopa kumshtua paka.

Akaurudisha mstari nyuma, mkono ukabaki ndani. Akapunguza kidogo, akatuma. Safari hii picha ikapanda ikiwa safi.

"Sasa ndiyo paka!" mmoja aliandika. "Ila huo mkono unaharibu, uondoe."

"Uacheni," Fides akajibu. "Kidevu cha paka kinaelekea huko huko."

Osea aliporudi kutoka shambani alimkuta mkewe anatabasamu. "Unacheka na nani, Mama Tusekile?"

"Na watu wa picha. Njoo uone, Baba Tusekile."

Osea akafuta mikono kwenye suruali, akaishika simu. Akatazama kwa muda.

"Sweta kama langu," akasema.

"Limefanana kweli. Na dagaa wamefanana na wangu wa kwenye kopo."

Osea akaguna, halafu akashindwa kuzuia kicheko. "Alikuwa mmoja tu."

"Leo?"

Osea akakaa karibu naye kwenye benchi. "Hebu nisomee wanasemaje."

Ketrina akasoma. Wengi walisifu. Akafika kwa mmoja aliyesema picha ni nzuri, ila paka amekonda, huenda wenyewe hawamlishi.

Osea akakaa wima. "Nani huyo? Mwandikie! Mwambie paka huyu anakula vizuri sana, ni mifupa yake tu mirefu."

"Niseme anayemlisha ni nani?"

"Wewe andika."

Ketrina akaanza kuandika polepole kwa kidole kimoja, na Osea, ameinamia bega lake, akimwonyesha herufi zilipo.