Nani Alimpanga Golini?

Mimi sitaki kikombe. Nasema mapema nisije nikasingiziwa. Kikombe nilishakitoa moyoni, na hata tukishuka daraja nitalia siku moja halafu nitanawa uso niende kazini. Kinachoninyima raha ni swali moja tu, tena swali jepesi: kwa nini timu yetu inampanga yule kipa kila mechi?

Uongozi wetu una vituko vyake, jamani. Tulikuwa na kipa anayedaka mpira kama mkunga anavyopokea mtoto. Wakamruhusu aende timu nyingine, eti amezeeka. Huko alikoenda anacheka mpaka leo. Kocha mmoja wakamfukuza kesho yake baada ya kushinda, nasema kushinda, kwa sababu hakumsalimia mjumbe wa kamati. Wakaja kubadilisha rangi ya jezi, wakatuletea rangi ya mtu aliyekula kitu kibovu. Timu inazama, wao wana kikao cha kujadili geti la uwanja lipakwe rangi gani! Na golini wamemsimamisha kijana mmoja mrefu, mpole, mpira ukienda kulia yeye anaruka kushoto. Mimi ndiye niliyempa jina la Chekeche. Nilipiga kelele siku moja nikiwa nyuma ya goli, jukwaa zima likadaka, na likawa ndilo jina lake.

"Si uache kwenda?" mama watoto huniuliza.

"Niache vipi? Nataka kujua sababu."

"Ukiijua itakusaidia nini?"

"Nitapata usingizi."

Huendelea na shughuli zake. Ameolewa na mimi miaka mingi, amenizoea.

Kazi yangu ni fundi makochi. Nanunua sponji, nakata kitambaa, nagongelea. Misumari midogo naiweka mdomoni ili mikono yote miwili iwe huru, ndivyo nilivyofundishwa. Basi Alhamisi moja nimeinama juu ya fremu, mdomo umejaa misumari, binti yangu akaingia karakana akitoka kazini kwake, duka la dawa. Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Amerithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo mimi humwita mama, na akiniomba kitu huwa sina ujanja.

"Baba, shikamoo. Toa misumari mdomoni kwanza."

Nikaitema kiganjani. Nikajua hapa kuna jambo.

"Kuna mtu anataka kuja nyumbani Jumapili. Kujitambulisha."

Loo! Nilifurahi, siwafichi. Nikauliza anafanya kazi gani. Akasema anafunga madirisha ya alumini. Nikasema safi kabisa, fundi mwenzangu. Akasema tena anacheza mpira. Nikasema basi Mungu ametuona, timu gani?

"Yetu."

"Weee! Anacheza namba ngapi?"

Akaangalia chini, akaanza kuokota vipande vya uzi ambavyo hajawahi kuviokota tangu azaliwe.

"Ni kipa, Baba."

Kama misumari ingekuwa bado mdomoni, mngekuwa mnasimuliwa habari hizi na mtu mwingine. Nilikaa juu ya fremu isiyo na sponji na sikusikia hata maumivu. Chekeche! Watu wote waliojaa duniani, mwanangu akamwona Chekeche!

"Najua unavyomsema uwanjani," akasema. "Lakini nampenda, Baba. Ukimkataa kwa sababu ana kosa fulani, nitakusikiliza. Ukimkataa kwa sababu ya mpira, sijui kama nitaweza tena kukaa meza moja na wewe. Nakuomba Jumapili usiutaje mpira. Hata neno moja."

Nikaapa. Ningefanyaje? Timu ikishuka daraja inaweza kupanda tena. Mtoto wa pekee akikukatia tamaa akaondoka, unaanza wapi kumtafuta?

Jumapili ikafika. Dada yangu mkubwa alikuja mapema, kwa sababu shangazi wa binti hakosi siku kama hiyo, na jambo la kwanza aliloliona ni kochi letu lililochanika mkono. "Fundi makochi mzima," akasema, "wageni wakalie matambara." Nikamwambia anyamaze, mgeni yuko mlangoni.

Kijana akaingia na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Akasalimia kila mtu kwa zamu yake. Akauliza afya, akauliza kazi. Alikaa ukingoni mwa kochi lile lile bovu, magoti yake marefu yakakaribia kidevu. Mama watoto akamletea chai, nami nikakaza macho kwenye kikombe nikijua lazima kitamponyoka. Hakikumponyoka. Dada yangu akawa anakata limau, likamteleza, likaviringika hadi ukingoni mwa meza, na yule kijana akalidaka kwa mkono mmoja huku bado anamsikiliza mama watoto. Nikapandwa na hasira. Kumbe anaweza! Sasa Jumamosi anatufanyia nini?

Nikaongea habari za hali ya hewa. Nikaongea habari za alumini mpaka alumini ikaisha. Swali limenikaba hapa, kooni, nakohoa ovyo, dada yangu ananipiga mgongoni akidhani nimepaliwa. Binti yangu ananitazama bila kupepesa.

Mwisho yule kijana mwenyewe akaweka kikombe chini.

"Mzee, najua una jambo. Uliza tu. Sauti yako naifahamu, huwa unakaa nyuma ya goli, karibu na kibendera cha kona. Mimi ndiye Chekeche."

Ardhi ingepasuka ningeingia kwa furaha. Dada yangu akaangua kicheko, mama watoto akajifunika uso kwa kanga. Nikamwangalia binti yangu. Hakukataza, na mimi nikaona upenyo.

"Mwanangu ananisikia, sina nia ya kukutukana," nikasema. "Nataka kujua tu. Kwa nini wanakupanga?"

"Hilo swali," akasema, "hata mimi najiuliza."

"Unasemaje?"

"Mimi si kipa, Mzee. Mimi ni beki. Siku niliyofika mazoezini kipa alikuwa ameondoka na yule wa akiba hakuja, wakaniambia nisimame golini watu wapige mashuti. Mgeni hawezi kukataa. Nikasimama. Sikutolewa tena. Kila kocha nimemfuata, nimemwambia mimi ni beki, anaangalia huku na huku kama mtu anayeogopa kusikika, halafu ananiambia, wewe kaa hapo hapo, usituletee matatizo."

"Matatizo gani?"

"Sijui, Mzee. Natamani sana kujua."

Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze nilikuwa nimempata mtu mwenye ugonjwa wangu. Nikasogeza kiti karibu.

"Kesho jioni una kazi?"

"Baba!" binti yangu akaruka.

"Tunakwenda kuuliza tu, mama. Kuuliza ni dhambi?"

Jumatatu nikafunga karakana mapema. Ofisi ya timu iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zake zina vumbi la saruji. Tulimkuta katibu, mwanamume mnene anayependa mihuri, na kocha wa sasa, ambaye kazi kubwa niliyomwona akiifanya ni kufuga ndevu. Walipotuona pamoja, mimi na kipa, kocha alisimama.

Nikauliza swali langu. Nililiuliza kwa adabu, nilijishangaa.

Katibu akaenda kufunga mlango. Akarudi, akainama, akanong'ona. "Mzee, wewe ni mtu mzima. Mambo mengine hayaulizwi. Huyu ni mtu wa mwenyekiti."

"Mtu wa nani?" kijana akauliza.

"Usituzuge, kijana. Siku yako ya kwanza, si ulishuka kwenye gari la mwenyekiti? Sote tulikuwa pale getini. Tulikuona kwa macho yetu."

Kijana akatikisa kichwa kukataa.

"Mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Alinikuta njiani nina begi, akanipa lifti. Hata jina langu hakuniuliza."

Kocha akamtazama katibu. Katibu akatoa simu, akampigia mwenyekiti, akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie. Akauliza kwa kuzunguka sana, mheshimiwa hivi, mheshimiwa vile, na yule kipa wetu mheshimiwa ana maoni gani.

"Kipa?" sauti ya mwenyekiti ikakwaruza. "Mimi mwenyewe namshangaa sana. Lakini naona makocha wote wanamwamini, na mimi sipendi kuingilia ufundi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, machozi yananitoka, na katikati ya kicheko hasira zikanijia kwa mpigo. Msimu mzima! Watu wazima, wenye mihuri, wenye vikao, wametuzika kwa sababu ya lifti ya mvua! Makocha wanamwogopa mwenyekiti, mwenyekiti anawaheshimu makocha, katibu anawaogopa wote, na hakuna hata mmoja aliyepata wazo la kuuliza. Niliwaambia yote hayo na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mama watoto.

"Basi yameisha," katibu akasema, akipangusa jasho. "Jumamosi anakaa nje. Umefurahi, Mzee?"

Nilifurahi, ndiyo. Kocha naye aliachia pumzi, ndevu zote zikapepea.

"Samahani," kijana akasema. "Nani atakaa golini?"

Hapo ndipo tulipojua kwamba kipa wa akiba naye walishamwachia aende zake. Katibu alijitetea kwamba angebaki kufanya nini, wakati hakuna wa kumtoa mtu wa mwenyekiti? Kocha akaanza kutazama dari. Katibu akapanga mihuri yake upya.

"Basi Jumamosi nitasimama mimi," kijana akasema. "Mpaka mtakapopata mtu."

"Wewe si ulikuwa unataka utolewe?" nikamuuliza. "Watu watakutukana tena."

"Najua, Mzee. Lakini tukiingia bila kipa, wale wenzangu wanaokimbia pale mbele nitawaambia nini?"

Nikaona haya. Sitaficha, niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Mimi hata kukaa ukingoni mwa kochi bovu la nyumbani kwangu nalalamika. Huyu amesimama mahali asipopataka, tumemwita majina kila wiki, na leo mlango wa kutoka umefunguliwa, anaangalia nyuma kuona nani atabaki.

Tukashuka ngazi. Njiani alikuwa akipiga teke vijiwe. Nilitaka kumchangamsha, nikamwambia walau sasa tunajua sababu, mtu anaweza kulala. Akatikisa kichwa kukubali, halafu akasema polepole, akiangalia barabara:

"Nilikuwa najipa moyo, Mzee. Nafungwa mabao, natukanwa, nikirudi nyumbani najiambia, lazima kuna mmoja pale ofisini ameona kitu kwangu. Kumbe hakuna hata mmoja aliyewahi kunichagua."

Mimi ndiye niliyekuwa na kiu ya kujua, na sasa naona nilichokitafuta kimemwangukia yeye.

Tulimkuta binti yangu nje ya karakana, bado na koti lake jeupe la kazini, anazungusha pete ya funguo kidoleni. Alikuwa ameshindwa kwenda nyumbani. Alitutazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, kama anayepima nani ameumiza nani.

"Mmeambiwa nini?"

Nikamwachia kijana aseme. Akamweleza habari ya lifti, akamweleza simu ya mwenyekiti. Alijaribu hata kucheka kidogo.

"Kwa kifupi," akamaliza, "kila mmoja alidhani nimechaguliwa na mwingine. Hakuna aliyenichagua."

Binti yangu akaacha kuzungusha funguo.

"Mimi nilikuchagua," akasema. "Na siku ile uliyofungwa mengi kuliko siku zote, nilikuwa jukwaani naangalia."

Kijana akainamisha kichwa, akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Binti yangu hakumsogelea. Alinigeukia mimi, na macho yale ni ya marehemu mama yangu, hayajawahi kunipa mahali pa kujificha.

"Na wewe, Baba?"

Nikafungua karakana. Nikavuta kochi la mteja nililolimaliza asubuhi ile, lina kitambaa kipya ambacho hakijakaliwa na mtu, nikaliweka katikati ya sakafu.

"Kaa hapa, mwanangu," nikamwambia yule kijana. "Na mimi nimekuchagua."