Nusu Pointi ya Helmi

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Merv Tuckett alivaa glavu zake nyeupe, akainama juu ya boti iitwayo Constance, akaandika kwenye fomu: "Kiti cha nyuma. Marehemu mmoja wa kike, amelowa. Hakutoka na boti kiwandani. Toa nusu pointi."

"Na kikapu?" akauliza Lorna Beamish, mwamuzi mwenzake.

"Kikapu kiko mapajani mwake. Nimekihesabu pamoja naye."

"Mwaka jana tulikitenga."

"Mwaka jana tulikosea. Tukianza kumkata mtu vipandevipande hatutamaliza kabla ya chakula cha mchana."

Lorna akacheka kidogo, kisha akaingiza chini ya usukani kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, akitafuta skrubu za siku hizi.

Boti sitini na mbili zilikuwa zimefungwa gatini asubuhi hiyo, zote za mbao, nyingi zikiwa na umri mkubwa kuliko wa watu waliokuja kuzitazama. Chama cha Boti za Kale cha Ziwa Tamarack kilikuwa na kitabu cha kanuni chenye kurasa arobaini na moja. Kila boti ilianza na pointi mia, kisha ikapunguziwa. Skrubu yenye kichwa cha msalaba mahali palipotakiwa yenye mfereji mmoja, robo pointi. Kioo kipya, moja. Ngozi ya kiti yenye rangi isiyolingana na mwaka wa boti, moja na nusu. Chochote ambacho hakikuwemo siku boti inatoka kiwandani kilikatwa. Constance ilitoka kiwandani Mei 1936. Helmi Maunula alianza kukaa ndani yake Agosti 1937. Kwa hiyo alikatwa, kila mwaka, tangu chama kianzishwe.

Helmi alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivaa gauni la pamba la buluu na viatu vya kiume, na alikaa kinyume, mgongo kwa usukani, uso ukitazama nyuma, kama akaavyo mpiga makasia. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele, na hayakuwa yakiisha. Kikapuni mlikuwa na mayai thelathini, mawili yamepasuka. Alitokea boti ikishafungwa gatini siku ya maonyesho na aliondoka turubai ikifunikwa jioni. Hollis Wetherald, mwenye boti, alimtandikia taulo ili asiharibu ngozi. Taulo lilikuwa la kijani kilekile cha kiti.

Aliyeitunza Constance ni Sylvi Maunula, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, fundi wa vanishi. Helmi alikuwa shangazi yake, dada wa baba. Kila msimu wa baridi Sylvi alimwaga maji sakafuni mwa banda la boti ili vumbi litulie, akapaka vanishi, akasubiri, akapiga msasa, akapaka tena, mara kumi na nne. Mwezi wa tano aliiteremsha boti majini ikiwa bado inavuja, akaiacha imening'inia kwenye mikanda siku tatu hadi mbao zinywe maji, zivimbe, zibanane zenyewe. Hakuna aliyejua mbao zile kuliko yeye. Alijua kuwa ubao wa tatu kutoka juu, upande wa kulia wa omo, yaani mbele ya boti, haukukatwa kwenye mti mmoja na wenzake.

Huo ubao ndio alioupenda Merv kuliko zote. Aliupapasa kila mwaka kwa kidole kimoja.

"Tazama kiungo hiki," alisema. "Huoni hata pa kupitisha ukucha. Nani anaweza kazi hii leo?"

"Umewekwa Agosti 1937," Sylvi alisema.

"Najua, mama. Matengenezo ya kiwanda kilekile ndani ya miaka mitano yanahesabika kuwa ya asili. Ukurasa wa kumi na tisa. Pointi kamili."

"Na kilichouvunja ule wa kwanza?"

"Fomu haina sehemu hiyo," alisema Merv, bila ubaya wowote, akaenda kwenye boti iliyofuata.

Kilichouvunja ule wa kwanza, Sylvi alikijua kwa baba yake. Eino Maunula alikuwa na miaka kumi na miwili siku hiyo. Alisimama kwenye gati dogo la shamba lao, upande wa ghuba ya kusini, akimtazama dada yake anapiga makasia kupeleka mayai kwenye nyumba za visiwani. Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa bakulini. Everard Wetherald, babu yake Hollis, alikuwa ametoka kula mchana na wageni, na alitaka waone jinsi Constance inavyokimbia. Eino aliiona inakuja nyuma ya mgongo wa Helmi. Akapiga kelele, akapunga mikono yote miwili. Wiki iliyofuata karatasi ya serikali iliandika kwamba upepo ulipindua mtumbwi. Eino hakuulizwa. Alijua Kifini tu, lugha ya nyumbani kwao, na hakuna aliyetafuta mkalimani.

Sylvi alikuwa akimletea shangazi yake kipande cha mkate mtamu wa iliki, mwaka hadi mwaka. Helmi hakuula, kwa sababu mikono yake ingeulowesha, lakini aliunusa.

"Kama wa mama," alisema. "Wewe mama umejuaje kuupika?"

"Nilifundishwa nyumbani, Shangazi."

Helmi alizoea kuitwa shangazi na mwanamke aliyemzidi umri mara mbili na zaidi. Alidhani ni mzaha wa watu wa visiwani.

"Mwambie yule baba anayeendesha asante kwa kuniokota. Ila akaze mwendo kidogo. Mayai haya yana wenyewe, na Eino bado yuko gatini. Nilimwacha ananipungia, hata sikumaliza kumjibu."

"Nitamwambia."

"Ni mbali bado?"

"Si mbali," alisema Sylvi. Miaka yote alikuwa akisema hivyo.

Alichokitaka Sylvi ni mstari mmoja. Kila boti ilisimamishiwa kadi gatini, yenye historia yake kwa mistari minane, na watu waliisoma huku wanakula vikeki vya siagi. Kadi ya Constance ilitaja mjenzi, injini, mbao zake za mkangazi, familia moja tangu mwanzo. Mstari wa nane ulisema: "Haijapata ajali." Jioni ya maonyesho hayo, walipokuwa wanakunja kamba, Sylvi alimwomba Hollis aufute mstari huo wa nane, amtaje Helmi mahali pake.

Hollis alikuwa na miaka sabini na minne na moyo laini. Alilia kwenye mazishi ya mbwa wa jirani.

"Sylvi, unaniweka pabaya. Babu alikuwa mtu mwema. Ile maktaba ya mji ni yeye."

"Sijasema alikuwa mbaya. Nasema alimgonga."

"Karatasi ya serikali inasema upepo."

"Baba yangu alikuwepo. Karatasi haikuwepo."

"Baba yako alikuwa mtoto, Mungu amrehemu. Na huyu binti mwenyewe, umewahi kumsikia akilalamika? Kila mwaka ananishukuru! Tunamtandikia taulo. Mama watoto hafungi maonyesho bila kumsalimia. Kuna familia ngapi kwenye ziwa hili zingemfanyia hivyo?"

"Hakuna," Sylvi alikubali.

"Haya basi." Akamshika bega. "Na kadi ina mistari minane tu, unajua mwenyewe."

Msimu wa baridi uliofuata fremu ya kiti cha nyuma ilihitaji kukazwa. Sylvi aliking'oa kiti, akakipindua kwenye meza ya kazi. Chini yake, kwenye ubao mtupu, mafundi wa zamani walikuwa wameandika namba ya boti kwa penseli, kama walivyoandika kwenye kila boti, mahali ambapo mwenye mali hatazami. Sylvi aliitazama namba ile kwa muda. Nje theluji ilikuwa imefika dirishani. Kisha akachukua penseli ya seremala, akaandika chini ya namba, kwa mwandiko wa shuleni:

"Helmi Maunula, miaka 19, aligongwa na boti hii akafa, 7 Agosti 1937. Mwendeshaji Everard Wetherald. Aliyeona ni Eino, mdogo wake."

Akapaka juu yake vanishi, mara kumi na nne.

Agosti ilipofika Helmi alikuja saa tatu, akakaa kinyume, akaunusa mkate. Merv akamhesabu. Lorna akaingiza kioo chake chini ya kiti cha nyuma ili athibitishe namba, akakirudisha tena palepale.

"Namba ipo?" Merv akauliza.

"Ipo. Kuna na maneno."

"Maneno gani? Niandike."

Kwenye kioo maneno yalionekana yamegeuzwa, kwa hiyo Lorna aliyasoma polepole, neno moja moja, kwa sauti, kama mtu anayeokota kokoto. Ilichukua karibu dakika mbili. Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Hollis alisimama mkono ukiwa juu ya kioo cha mbele, akitazama viatu vyake.

"...Eino," alimaliza Lorna, "mdogo... wake."

Merv aliandika yote. Kisha akaandika: "Maandishi ya penseli, si ya kiwandani. Toa robo."

"Merv," Lorna akasema. "Ule ubao wa tatu."

"Ubao wa tatu ni matengenezo ya kiwanda ndani ya miaka mitano."

"Najua ni matengenezo ya kiwanda."

"Basi tatizo liko wapi?"

Lorna alifuta kioo chake kwenye sketi, ingawa kilikuwa safi.

"Nitayakwangua leo leo," Hollis alisema.

"Ukikwangua utagusa ubao wa asili," Merv akamwonya. "Hizo ni pointi mbili. Kwa roho safi, mzee, afadhali robo."

Hollis alipiga hesabu kimyakimya, na maneno yakabaki.

Walipoondoka, Helmi alikuwa bado anatazama nyuma, lakini mikono yake ilikuwa imekishika kikapu kwa nguvu.

"Mama," alimwita Sylvi. "Wanasema boti gani?"

"Hii, Shangazi."

"Hii iliyoniokota?"

Sylvi alipiga magoti kwenye mbao za gati.

"Haikukuokota," alisema.

Helmi aliyahesabu mayai yake, moja baada ya jingine, hadi thelathini. Yale mawili yaliyopasuka aliyageuza ili ufa uangalie chini.

"Lakini Eino alikuwa ananipungia," alisema.

"Alikuwa anakwambia ugeuke."

"Mimi nikadhani ananiaga." Akafikiri kidogo. "Nikaachia kasia moja ili nimpungie na mimi."

Mkate wa iliki ulikuwa bado mkononi mwa Sylvi, umeanza kulowa. Helmi akauchukua, kwa mara ya kwanza, akaumega, akaula polepole mpaka ukaisha, akajipangusa makombo.

"Aliishi?" akauliza. "Eino?"

"Aliishi miaka themanini na moja. Mimi ni mtoto wake."

"Ndiyo maana unaniita shangazi."

"Ndiyo."

"Nikadhani mnanitania," alisema Helmi.

Mwaka huo Constance ilipata nafasi ya pili, kwa tofauti ya robo pointi. Hollis hakumlaumu Sylvi. Alisema kila fundi ana mwaka wake mbaya, na akampa mkataba wa mwaka mwingine.

Mwaka uliofuata, saa tatu asubuhi, Helmi alikuja na kikapu chake, akakaa kiti kilekile, ila safari hii alitazama mbele.

Merv alizunguka mara mbili. Akafungua kitabu cha kanuni, akarudi.

"Kiti hiki kiliundwa kitazame mbele," alimwambia Lorna. "Abiria akikitumia kama kilivyokusudiwa, siwezi kumkata nusu nzima. Robo inatosha."

"Weka robo," alisema Lorna. Siku hiyo hakuleta kioo chake.

Mchana boti zilitoka kwa gwaride, zikifuatana kuzunguka ziwa, watu wakishangilia kutoka kwenye magati. Hollis aliendesha, Sylvi kando yake kwa ajili ya kamba, Helmi nyuma yao. Miaka yote Hollis alikuwa na mgongo wa mtu nyuma yake. Sasa alikuwa na macho. Aliinua ukosi wa shati. Maji yalimdondokea shingoni hata hivyo.

Walipofika mbele ya ghuba ya kusini, ambako gati la akina Maunula halipo tena, Helmi alisema, "Kuna mtu mbele."

Hollis akakata injini. Mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji tu, yametulia. Alingoja, boti za nyuma zikampita moja baada ya nyingine, wenyewe wakimpungia, kisha akawasha.

"Kuna mtu mbele," alisema Helmi.

Akakata tena.

"Namwona," alisema Hollis. Haikujulikana kama alikuwa anamwona.

Ilitokea mara kumi na moja. Constance ilirudi gatini saa moja na nusu baada ya wenzake, lakini gwaride halina pointi, na kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Hollis alipigwa picha akiwa amekishika mbele ya kadi. Kadi ilikuwa imechapwa upya kwa herufi nzuri zaidi. Ilikuwa na mistari minane, na wa nane ulisema: "Haijapata ajali."

Sylvi alingoja watu watawanyike. Alimuaga shangazi yake, akafunika turubai kuanzia omo hadi kiti cha nyuma, akalichukua lile taulo la kijani, akalikamua ziwani. Lilitoa maji mengi. Alisimama pale akikamua mpaka jua likaiacha ghuba, na bado lilikuwa linatoa.