Leseni ya Dole Gumba

Jana usiku, kabla hata sijageukia ubavu wa pili, niliota nimeitwa kwenye baraza la kata na rili mbili za marehemu baba, vile vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki.

Shauri lenyewe nililijua. Kwetu shangazi ndiye anayegawa vitu vya marehemu, na kitinda mimba huchagua kwanza. Kesho yake saa nne ilikuwa zamu yangu kuchagua rili: ile inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo hata mgeni huirusha bila taabu, au ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo ukizubaa kidogo mshipi unajisokota ukawa kiota. Moyo wangu ulikuwa kwa ya juu. Ndiyo baba aliyokuwa akiishika kila Jumapili hapa Musoma. Lakini kaka yangu Mafuru alishatangaza mbele ya ukoo kwamba mimi ni fundi cherehani, nitaijaza mafundo, nimwachie yeye.

Barazani, rili ya chini imening'inia kwenye feni. Ya juu imekaa juu ya kabati la mafaili. Hakimu ni sangara wa kilo themanini, amevaa miwani, na karani anammwagia maji kwa birika asikauke.

"Nichukue mimi, dada Nyangeta," inasema ya chini. "Sina makuu. Chambo chepesi, upepo wa mbele, mimi naenda tu."

"Nakuheshimu," nasema, na si uongo. Ni rili yenye adabu.

"Mimi sibembelezi mtu," inasema ya juu. "Breki yangu ni dole gumba lako. Lina leseni?"

Karani anapekua daftari. Halina. Basi dole gumba langu linashuka mkononi, linavuka barabara kwenda kufanya mtihani wa udereva, na sisi tunakaa kulisubiri.

"Lina uzoefu wa miaka mingapi?" anauliza hakimu.

"Kumi na tisa, Mheshimiwa. Lakini ni wa vitambaa."

"Andika vitambaa," anamwambia karani.

Lilirudi na leseni yenye picha, na kwenye picha halikutabasamu. Nikalipachika mahali pake. Nilipoinua macho, baraza lilikuwa limegeuka kibanda changu cha kushonea, kibanda kiko katikati ya ziwa, na maji yamefika dirishani. Wateja wamekaa kwenye benchi wanangoja sare za watoto. Hakimu anaelea nje na faili lake. Mafuru naye yupo, amevaa koti lenye mkono mmoja kwa sababu ule wa pili sijamshonea.

"Haya, fundi," anasema. "Tuonyeshe hayo mafundo."

Narusha kwa rili ya juu. Chambo ni samaki wa mbao aliyechongwa na baba, na anapaa juu ya maji huku akiwasalimia wateja kwa majina. Mara rili inazunguka kwa kasi kuliko mshipi unavyotoka. Mshipi unavimba, unajikunja. Mnandi mweusi anatua juu yake, anakikagua kile kiota, anataga mayai mawili.

"Panafaa," ananiambia. "Nahamia leo."

Niliogopa, sifichi. Nusura nimkabidhi Mafuru fimbo yote. Lakini mkono wangu una jambo unalolijua bila kuambiwa: cherehani ikienda mbio hulikamati gurudumu, unaligusa tu kwa kiganja, kidogo, kabla sindano haijafika ukingo wa kitambaa. Nikaligusisha dole gumba hivyo hivyo. Rili ikatulia, mshipi uliotoka ukanyooka, kwa jicho la fundi mita arobaini na moja. Mnandi akabeba mayai yake akaondoka, wala hakudai fidia.

"Mheshimiwa, tunaomba hukumu," anasema Mafuru.

Chambo kimempita hakimu mbele ya pua, naye, pamoja na cheo chake, ni sangara. Anakimeza. Tunavutana kulizunguka ziwa mara tatu, wateja wamesimama juu ya benchi wanapiga vigelegele, na mimi nacheka kwa furaha ambayo sijaipata tangu tumzike baba. Nilipomfikisha dirishani, akarekebisha miwani na kusoma kwa taabu, ndoana ikiwa mdomoni.

"Rili ya juu ni ya Nyangeta. Na mimi pia."

Nikaamka kumekucha.

Saa nne shangazi alizipanga rili mbili juu ya mkeka.

"Chagua, mwanangu."

"Ya juu, shangazi."

"Hiyo haijaguswa tangu msiba," akasema Mafuru. "Mshipi wenyewe umeshakauka, utakatika tu. Hebu oneni."

Akashika ncha ya mshipi akavuta kidogo. Akapangusa vidole kwenye suruali, akanisogezea rili bila kuniangalia.

Nilichukua futi yangu ya kushonea nikaupima mshipi. Mita arobaini na moja za kwanza zilikuwa zimelowa chepechepe. Zilizobaki zilikuwa kavu.