Daftari Lililofunga Karanga

“Consolée, karanga zako umezifunga na nini?”

“Na karatasi, baba. Ulitaka nizifunge na kitenge changu?”

Avenue ya nane nzima, pale Buyenzi, ilikuwa imeshatoka nje, na mimi mbele. Penye kelele sikawii. Jirani yetu Akilimali alikuwa amemsimamia muuza karanga, ameshika kurasa za madaftari yake, zimejaa chumvi. Tangu akimbie kutoka Uvira, miaka sita, alikuwa akiandika maneno ya Kiingereza yanayofanana kama mapacha, kila moja na maana yake na lilikotoka. Tulimcheka, tukamwita Mwingereza wa Buyenzi. Kumbe wiki iliyopita barua ikatoka Kampala: mchapishaji anakitaka kitabu, akilete mwenyewe. Alikuwa aondoke Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

“Mwizi we!”

“Mi mwizi?” Consolée akatua sinia. “Uliza bibi yako wa ndoa! Mathilde ndo aliniletea asubuhi, madaftari, kaye zote tatu. Alisema zimeisha kazi.”

 Hata waliokuwa wanatafuna karanga waliacha.

Mathilde, mkewe, alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Hakukana.

“Nilimupa. Kaka yangu alisema anaenda Kampala wiki mbili, na huu ni mwaka wa tano. Na we umefunga viatu vyote, mpaka vile vya mvua. Mutu wa kurudi anabeba viatu vyote?”

 Akilimali alinigeukia mimi, maana nilikuwa bado nimeshika karanga zangu. Nikazimwaga kiganjani, nikampa karatasi. Nilikula kama wenzangu, siwezi kujitoa.

Akaisoma kwa sauti, kama yuko darasani. Dessert: Wafaransa wamelitoa kwenye kuondoa sahani mezani, ndiyo vitamu vya mwisho. Desert: la Kilatini, kuacha, kutelekeza, ndiyo jangwa.

“Miaka sita, Mathilde.”

“Mi sijui Kiingereza. Kuhesabu viatu najua.”

“Ningerudi.”

Alilisema chini sana, akiitazama ile karatasi. Sikumwamini, na sidhani kama yeye alijiamini. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni na mafuta yake.

Mathilde akajipangusa mikono kwenye kitenge, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

“Baba Riziki, ingia ukule, ugali unapoa. Na we Consolée, ingia. Karanga ulizonipa ndo nimetia kwa sombe ya majani ya muhogo.”