Bamba la Chini ya Gari

Oili ilikuwa imechirizika kutoka kwenye tuta la zege hadi langoni kwake, mstari mmoja mweusi, mwembamba, kama alama ya mnyama aliyejeruhiwa akajikokota kurudi kwake. Mkutubi aliinama, akaigusa kwa kidole, akakinusa. Alipoinua uso alimwona jirani yake amesimama upande wa pili wa uchochoro na kikombe cha chai mkononi, akipuliza mvuke taratibu kama mtu anayetazama mechi.

"Umeridhika?" akamuuliza.

"Tuta lina sentimita kumi na tano," jirani akajibu. "Nimelipima mwenyewe. Gari la mtu mwenye akili zake linapita."

Jirani huyo walimwita Bwana Futi. Alikuwa amesimamia ujenzi kwa miaka thelathini, na hata alipostaafu futi kamba haikumtoka mfukoni. Aliwahi kupima kivuli cha ukuta wa Mkutubi kilivyoangukia bustani yake, akamletea vipimo kwa maandishi. Tangu siku hiyo, miaka mitatu sasa, salamu zilikatika. Kisha mwezi uliopita pikapu ya kuuza maji ilimkumba mke wa Bwana Futi pale uchochoroni, ikamvunja mkono. Siku tatu baadaye mzee alimwaga zege. Majirani wote waliona tuta la kuwazuia madereva wenye pupa. Mkutubi aliona tuta lililojengwa kumkomoa yeye.

Gari lake lilikuwa la chini mno, tumbo likikaribia kulamba barabara, na hakulichagua kwa madaha. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na hakuweza kuinua mguu kupanda gari la juu. Katika hili aliweza kukaa kwanza, kama anayekaa kitandani, kisha Mkutubi akamwingizia miguu mmoja baada ya mwingine. Kila Jumatatu na Alhamisi walikwenda hospitali kwa mazoezi. Bila gari lile, mama angebaki kutazama dari.

Fundi wa kuchomelea alilipandisha gari juu ya mawe, akalala chali chini yake, akapiga mluzi.

"Dada, hapa umebakiwa na bahati tu. Bakuli la oili limepasuka, ekzosi imebonyea."

"Funika kote," Mkutubi akasema. "Weka chuma kizito kuliko vyote ulivyo navyo."

Fundi aliziba ufa, akakata bamba la chuma, akalikunja mbele kidogo kama ncha ya kijiko ili lisinase, akalifunga kwa bolti nane. Alipomaliza alijifuta mikono kwa kitambaa, akasita.

"Hili ni la kukinga, lisikutie kiburi. Ukifika kwenye tuta, nenda pole, tena kwa mshazari. Ukiwa na abiria, mshushe."

"Nimekusikia," akasema. Lakini alilosikia ni lile neno chuma.

Mkutubi alikuwa mtu wa kunong'ona. Maisha yake yote maktabani yalikuwa kidole mdomoni na viatu visivyolia. Alhamisi hiyo asubuhi, mama akiwa kiti cha nyuma, aliona pazia la Bwana Futi likitikisika. Akakanyaga mafuta. Gari liliparamia tuta, chuma kikasaga zege kwa mlio uliopasua uchochoro mzima, na vipande vikaruka hadi kwenye lango la mzee. Utamu ulimpanda kutoka miguuni hadi kooni. Kwenye kioo alimwona Bwana Futi ametoka, mdomo wazi, akitazama mtaro mweupe uliochimbwa mgongoni mwa tuta lake.

Jumatatu ilipofika, mtaro ulikuwa umezibwa kwa zege jipya, na nondo imelazwa ndani yake. Mkutubi akapita kwa kasi zaidi. Jioni Bwana Futi alimngoja langoni.

"Unabomoa kitu kinachomlinda mke wangu."

"Na wewe unabomoa gari linalombeba mama yangu."

"Basi nunua punda!"

"Nikimtaka punda nitavuka uchochoro tu!"

Aliingia ndani na furaha ya jibu lile. Alilirudia peke yake akikoroga chai, akacheka. Ndipo akamsikia mama kutoka chumbani.

Mama alikuwa kitandani, amegeukia ukuta, gauni limepandishwa hadi kiunoni. Juu ya nyonga, pembeni mwa kovu, pameenea wekundu uliokaribia kuwa zambarau.

"Nipake ile dawa ya kuchua," akasema. "Pole pole hapo."

Mkutubi akapiga magoti. Mafuta yakapoa kiganjani kabla hajamgusa.

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi. Lile gari lako sasa halipati hata mkwaruzo, eti? Nilikuwa najishika mlangoni. Leo mkono uliponyoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unacheka."

Alhamisi iliyofuata Mkutubi alizima injini hatua chache kabla ya tuta. Akafungua mlango wa nyuma, akamtoa mama, akamkabidhi fimbo, akamsogeza ukingoni mwa uchochoro.

"Nisubiri hapa. Nalivusha tupu, halafu nakuja kukushika."

Akarudi kwenye usukani, akaliweka gari mshazari, gurudumu moja moja, akishikilia pumzi. Bila mzigo lilikuwa limeinuka kidogo. Bamba liligusa zege mara moja, mguso mdogo kama ukucha juu ya meza, likapita. Akavuta breki ya mkono, akageuka.

Mama hakusubiri. Alikuwa tayari katikati ya tuta, fimbo mbele, mguu mmoja juu, mwingine ukikataa kufuata. Na Bwana Futi, katika kandambili na shati lisilofungwa vifungo, alikuwa amemshika kiwiko.

Mkutubi alifungua mlango, akaweka mguu mmoja chini. Maneno yalimjaa kinywani, makali, yaliyonolewa vizuri. Mzee hakumtazama. "Taratibu, mama," alikuwa akisema. "Huo mwingine sasa. Hakuna anayetufukuza." Wakashuka. Alimfikisha hadi kwenye gari, akageuka bila salamu, akaenda zake, na lango likabamizwa kwa nguvu.

Mkutubi akamkalisha mama, akamwingizia miguu, akafunga mlango. Wakaondoka pole pole. Walifika barabara kuu ndipo mama aliposema:

"Mikono yake inatetemeka sana, yule. Umewahi kuiona?"

Mkutubi alitazama kushoto, akatazama kulia. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari hata moja. Hata hivyo hakuingia; alitazama kioo cha nyuma, kule uchochoroni.